Zawadi Isitufumbe Macho

Hakuna mwezi unaopita siku hizi bila vijana wa Dodoma, wa mjini na wa vijijini, kuletewa katika simu zao tangazo la mashindano ya video. Tangazo moja linataka filamu ya dakika moja juu ya maji. Jingine linataka dakika tatu juu ya utunzaji wa mazingira. La tatu linataka kichekesho, na la nne linamtaka kijana aeleze matumaini yake ya maisha. Yote yanakubaliana katika mambo mawili: kwamba mshiriki halazimiki kuwa fundi wa filamu, na kwamba iko zawadi. Zawadi yenyewe huwa ni simu mpya, au kamera, au kompyuta, au fedha taslimu, na mara chache huwa ni safari ya kwenda kuipokea tuzo ugenini.

Tunapenda kusema tangu mwanzo kwamba jambo hili ni jema, ili asiwepo msomaji wa kudhani kuwa gazeti hili linataka kuwazuia vijana wasishiriki. Kijana anayeamka alfajiri akapiga picha za mnada wa mifugo, akazichagua, akazipanga na kuzipa maana, amefanya kazi ya akili na ya mikono. Amejifunza kutazama mambo ambayo wengi wetu huyapita bila kuyaona. Mashindano huamsha vipaji vilivyolala, na sisi katika nchi hii tumeyatumia kwa muda mrefu. Wanafunzi wetu katika UMITASHUMTA na UMISSETA hushindana kwa mbio na kwa mpira, na pia hushindana kwa kwaya na ngoma. Hapana sababu ya kuona kwamba kushindana kwa picha ni jambo geni au la upuuzi.

Hata hivyo, wema wa jambo hautuondolei wajibu wa kulichungua. Tunalazimika kulichungua leo kwa sababu ya habari iliyotufikia ofisini, ambayo tunaisimulia bila kutaja kijiji, wala jina la kijana, wala mwandaaji wa mashindano, kwa kuwa nia yetu si kumfedhehesha mtu.

Kijana mmoja wa kidato cha nne alikwenda likizo kwa bibi yake, katika kijiji kimoja upande wa magharibi wa mkoa wetu. Ilikuwa kiangazi. Bibi huyo huchota maji katika kisima kilichochimbwa ndani ya mchanga wa korongo, kama wafanyavyo wengi katika nyanda hizi mito inapokauka. Kijana alimpiga picha akiwa ameinama na kata mkononi, akimweleza kwa Kigogo jinsi baba yake mzazi alivyowafundisha watoto wake kuchagua mahali pa kuchimba, na jinsi kisima kile kilivyowanusuru miaka ambayo visima vingine vilikauka. Bibi alikuwa akijisifu, na alikuwa na haki ya kujisifu. Kijana aliituma filamu ile katika mashindano, akapata nafasi ya pili, akazawadiwa simu. Nyumbani wakafurahi.

Baada ya miezi kadhaa, ndugu mmoja anayeishi mjini aliiona sura ya bibi katika tangazo la kuomba michango. Maneno yake ya Kigogo yalikuwa yamezimwa. Mahali pake paliwekwa muziki wa huzuni, na chini ya picha yaliandikwa maneno ya kumfanya msomaji aamini kwamba mama huyu mzee hakuwa amekula kwa siku mbili na kwamba alikuwa akiomba msaada. Hakuwa ameomba kitu. Ukoo ulikaa kikao, na kijana aliitwa kujieleza mbele ya wajomba zake. Alipomwandikia mwandaaji kulalamika, alijibiwa kwa adabu kwamba siku aliyotuma filamu alibonyeza neno "nakubali", na kwamba katika vigezo na masharti aliyoyakubali, alikuwa amempa mwandaaji ruhusa ya kuitumia kazi ile, kuikata na kuibadili, mahali popote duniani, bila malipo na bila kikomo. Masharti yale yalikuwa na kurasa kumi na moja kwa lugha ya Kiingereza. Kijana hakuyasoma. Wangapi kati yetu wangeyasoma?

Kwa dunia nzima hili ni tukio dogo. Kwa bibi yule si dogo hata kidogo, kwani katika uzee wake ameonyeshwa mbele ya watu asiowajua akiwa ombaomba, yeye ambaye siku ile alikuwa mwalimu. Kijana hakuwa na nia mbaya, na mwandaaji ana karatasi ya kujitetea. Ndiyo maana tunasema kwamba jambo hili halitatengenezwa kwa kulaumiana. Litatengenezwa kwa elimu.

Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo kamera ya sinema ilikuwa mali ya wachache. Sinema ililetwa vijijini kwa magari, ikaonyeshwa usiku juu ya kitambaa cheupe, na watoto wakakaa mbele chini mchangani. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ilitungwa mwaka 1976 ili kuweka utaratibu wa vibali na ukaguzi. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na vituo vyake hadi mwaka 1994. Katika hali ile, mwananchi wa kawaida wa Mpwapwa au Kondoa alikuwa mtazamaji wa picha zilizotengenezwa na wengine, au alikuwa mtazamwa katika picha hizo. Hakuwa mtengenezaji. Leo mjukuu wake anayo kamera mfukoni. Haya ni mageuzi makubwa, na mageuzi makubwa hayaji bila kuleta maswali yake.

Mashindano ya video za watu wasio mafundi hayakuanza kwetu, na historia yake ina mafunzo. Kampuni ya Japan iitwayo JVC ilitoa mashine za kanda za VHS mwaka 1976. Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, kampuni hiyo hiyo ilianzisha huko Tokyo tamasha la video lililopokea kazi za watu wa kawaida kutoka nchi mbalimbali, na ikalidhamini kwa miaka thelathini hivi. Tamasha lile liliwapa watu wengi moyo, na hatulidharau. Lakini msomaji atakuwa amekwisha kuona kwamba anayeuza vyombo vya kupigia picha hapati hasara watu wengi wanapopenda kupiga picha.

Huko Marekani, mwezi Novemba 1989, televisheni ya ABC ilionyesha kipindi cha majaribio cha video za kuchekesha zilizopigwa na watu majumbani, wazo lililochukuliwa kutoka katika kipindi cha televisheni ya Japan. Mwaka 1990 kikawa kipindi cha kila wiki, na mshindi wa kwanza wa wiki akawa anapata dola 10,000. Uingereza ilifuata mwaka huo huo wa 1990 kwa kipindi cha namna hiyo, ambacho kililipa paundi 250 kwa kila video iliyoonyeshwa. Tunaomba wasomaji wazitazame njia hizi mbili za malipo. Kule Marekani video nyingi zilionyeshwa katika kipindi kimoja, lakini zilizopewa zawadi ya fedha ni tatu tu. Kule Uingereza kila aliyeonyeshwa alilipwa kidogo. Njia ya kwanza humfanya mtu mmoja awe tajiri wa siku moja, na wengine wamefanya kazi bure. Njia ya pili haimtajirishi mtu, lakini hakuna aliyetumiwa bila ujira. Mwenye hekima atajua ni ipi iliyo karibu zaidi na haki.

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo. Watu wengi hudhani kwamba zawadi ni hisani. Kwa waandaaji wengi zawadi ni bei. Shirika au kampuni ikitaka filamu mia tano za vijiji vya Afrika, na ikaamua kuwatuma mafundi wake wenyewe, italipa nauli, malazi, mishahara na vibali. Ikitangaza mashindano, itapata filamu hizo mia tano kwa gharama ya simu tatu na kompyuta moja. Aliyeshika nafasi ya kwanza amelipwa. Wale mia nne tisini na sita waliosalia wametoa kazi yao, nyuso za wazazi wao na sauti za majirani zao, na huenda masharti yakaruhusu navyo vyote vitumike sawasawa na kazi ya mshindi.

Hatusemi kwamba kila mwandaaji ni mwindaji. Yako mashindano yaliyojengwa kwa insafu, na ni vema vijana wayajue. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, limewapatia wasanii wa nchi zetu mahali pa kushindania Jahazi la Dhahabu mbele ya majaji na mbele ya watazamaji, na filamu zimekuwa zikipelekwa hata vijijini ili wananchi wazione. Huko Ufaransa lilianzishwa mwaka 2005 tamasha la filamu za simu za mkononi, lenye kanuni rahisi ya simu moja, dakika moja na filamu moja. Umoja wa Mataifa nao ulianzisha mwaka 2009 tamasha la video la PLURAL+ kwa vijana wasiozidi miaka 25, juu ya uhamaji wa watu na kuishi pamoja kwa jamii mbalimbali. Mashindano ya aina hii humtaja mtengenezaji kwa jina lake na kumkutanisha na wenzake. Thamani yake haipimwi kwa ukubwa wa zawadi.

Basi kijana wa Bahi au Kongwa atapambanuaje? Sisi tunaona kuwa inatosha ajiulize maswali manne kabla ya kutuma kazi yake, na asitume mpaka apate majibu.

Swali la kwanza ni hili: Nani ameandaa, na anapata nini? Mwandaaji wa kweli ana jina, ana anwani na ana historia inayoweza kuulizwa. Asiyekuwa na anwani, lakini anataka ada ya kiingilio itumwe kwa simu, aepukwe. Na yapo mambo yanayoitwa mashindano ambayo kwa hakika ni kamari: watu hulipia kushiriki, kisha mshindi hupatikana kwa bahati. Michezo ya namna hiyo ina sheria yake ya mwaka 2003 na Bodi yake ya kuisimamia, na si sanaa.

Swali la pili: Nani anaamua? Mashindano yenye majaji wanaotajwa majina, na vipimo vinavyotangazwa mapema, humpa mshiriki nafasi ya kujua kwa nini ameshinda au ameshindwa. Siku hizi imeenea desturi ya kumchagua mshindi kwa wingi wa kura mitandaoni. Kwa sura ya nje hii ni demokrasia. Kwa undani wake, kijana hugeuka mpiga debe wa mwandaaji. Hutumia fedha za bando kuwasihi jamaa zake mchana na usiku wamfungulie ukurasa, na kila anayefungua anakuwa amemtangaza mwandaaji bila kulipwa. Mwisho wake hushinda mwenye jamaa wengi wenye simu, na siyo mwenye filamu bora. Kijana wa kijiji ambacho mtandao hupatikana juu ya kilima tu ameshindwa kabla hajaanza.

Swali la tatu: Kazi itakuwa mali ya nani baada ya hapo? Hapa sheria ya nchi iko upande wa kijana, iwapo yeye mwenyewe hataitupa haki yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotengenezwa, bila kusubiri isajiliwe. Haki za kiuchumi za mtu aliyetunga hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na filamu nayo ina ulinzi wa miaka 50. Zaidi ya fedha, mtunzi anayo haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi hiyo, na haki ya kupinga isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Basi kuna tofauti kubwa kati ya kumruhusu mwandaaji aionyeshe filamu katika tamasha lake na kumkabidhi filamu yenyewe. Masharti yakisema kwamba haki zote zinahamia kwa mwandaaji, au kwamba anaweza kuibadili kazi apendavyo milele, kijana ajue kuwa hashindani. Anauza. Na kama anauza, aulize kwanza bei, maana wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ofisi ya Hakimiliki, ambayo wengi huijua kwa jina la COSOTA, ipo kwa ajili ya kutoa elimu hii, na kuuliza si aibu.

Swali la nne ndilo zito kuliko yote: Waliomo katika filamu wameridhia nini? Mtu anapokubali kupigwa picha na mjukuu wake hajakubali kuonyeshwa kwa ulimwengu. Amempa mjukuu amana. Na amana hairuhusiwi kukabidhiwa mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe. Mila zetu zilijua hivyo kabla ya kamera kuja, na leo hata sheria imekuja kusema jambo la jamaa na hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika mwezi Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi mwaka 2024. Msingi wake ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa madhumuni halali na yanayojulikana, na zisigeuzwe kutumika kwa jambo jingine kinyume cha madhumuni hayo. Kuhusu watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka maslahi ya mtoto mbele. Kijana anayepiga picha za wanafunzi wa darasa la pili wakiwa miguu mitupu, bila kuwauliza wazazi wala mwalimu, amekosea hata kama filamu yake itapewa tuzo ya kwanza.

Kutoka katika swali hili la nne tunafika kwenye jambo linalotugusa sisi wa nyanda za kati kuliko watu wa mahali pengine. Nchi yetu hii ni kame. Sehemu kubwa yake haipati hata milimita 600 za mvua kwa mwaka, na mvua yenyewe huja kwa msimu mmoja. Tumepata njaa, na ile ya Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 wakati wa vita vya wakubwa, bado inasimuliwa na koo zetu. Kwa sababu hiyo, anayetoka mbali huja Ugogo akiwa na picha yake kichwani tayari: ardhi iliyopasuka, ng'ombe aliyekonda, mtoto anayelia. Vijana wetu wana akili, na wamekwisha kugundua kwamba picha hiyo ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana wanaipiga. Wengine, tumeambiwa, huwaomba wazee wavue viatu na kukaa nje ya nyumba ya bati, mbele ya tembe la jirani, ili filamu ipendeze macho ya majaji.

Hatusemi njaa ifichwe. Kuificha njaa ni dhambi kubwa kuliko kuionyesha, na filamu ya kweli juu ya zahanati isiyo na dawa au shule isiyo na madawati ni huduma kwa umma. Tunachokataa ni kuigiza unyonge kwa ajili ya zawadi. Anayeigiza unyonge hamdanganyi jaji peke yake. Anamfundisha ndugu yake mdogo kwamba kwao hakuna kitu cha kuonyesha isipokuwa shida.

Ukweli ni kwamba vipo vingi. Kule Kondoa, ambako mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyomomonyoka, iko hadithi ya ardhi iliyokuwa mifupa mitupu ikaota majani tena, na hadithi ya wafugaji walioumia kwa uamuzi ule. Pande zote mbili zinastahili kusikilizwa na wajukuu wao. Katika vijiji vingi vya mkoa wetu wakulima wanafufua visiki kwa njia iitwayo Kisiki Hai: huchagua machipukizi machache, huyapogoa, huyawekea alama na kuyalinda, na mti unakua bila kupandwa. Michoro ya miambani ya Kolo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, lakini ni wangapi kati ya wenyeji wanaoilinda waliowahi kuulizwa wanaionaje? Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na nyuma ya kila kichane kuna hesabu ya mkulima, dalali na kiwanda ambayo filamu ya dakika tatu ingeweza kuifafanua vizuri kuliko hotuba.

Na uko muziki. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa nchi hii, alipiga ilimba na zeze mpaka dunia ikanyamaza kumsikiliza, na kanda zake zilizotolewa huko Uingereza zilibeba jina lake juu ya jalada hadi alipofariki dunia tarehe 30 Desemba 2003. Wageni walikwenda kijijini Nzali wakatengeneza filamu juu ya muziki wa Wagogo, iliyotoka mwaka 2011. Kule Chamwino lilianzishwa mwaka 2009 tamasha la muziki wa Kigogo, ambapo vikundi vya vijiji hukutana na akina mama hupiga muheme. Tunawashukuru wote waliokuja kuturekodi. Lakini tunauliza: filamu ya Nzali iliyotengenezwa na kijana wa Nzali iko wapi? Kijana huyo anajua nini kinaimbwa, na anajua ni lini haifai kupiga picha. Hakuna jaji anayeweza kumnunulia ujuzi huo.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yetu, na tunaomba wahusika wayafikirie kwa uzito.

Kwanza, maofisa utamaduni wa wilaya zetu waandae mashindano ya filamu fupi hapa hapa nyumbani. Gharama si kubwa, kwa kuwa vyombo vijana wanavyo. Masharti yaandikwe kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, yaseme wazi kwamba filamu inabaki kuwa mali ya aliyeitengeneza, na majaji watajwe. Wanaosimamia michezo na sanaa za shule nao watazame uwezekano wa kuiweka filamu fupi pamoja na kwaya na ngoma.

Pili, filamu ikishinda irudi kijijini. Ionyeshwe katika mkutano mkuu wa kijiji mbele ya watu waliomo ndani yake, na watu hao waseme kama ndivyo walivyo. Hakuna baraza la majaji lililo kali kuliko hilo, wala lenye haki zaidi.

Tatu, walimu wa Kiswahili na wa uraia wawafundishe wanafunzi kusoma masharti. Kusoma mkataba ni sehemu ya elimu ya kujitegemea kama kulima bustani ya shule. Anayejua kusoma riwaya lakini hawezi kusoma karatasi anayotia saini, kisomo chake kina tundu.

Nne, vijana wanaotaka kuifanya kazi hii iwe riziki yao wasitegemee zawadi. Zawadi huja mara moja, tumbo huuliza kila siku. Wajiunge katika vikundi, wajiandikishe, na waombe mikopo ambayo halmashauri zetu hutenga kutokana na mapato yake kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Harusi zipo, mikutano ipo, na wakulima wanaotaka kutangaza mazao yao wapo.

Tano, waandaaji, wa ndani na wa nje, wakumbuke kwamba uungwana hauwapunguzii kitu. Anayehitaji filamu mia tano aseme wazi kwamba anazihitaji, na alipe kila anayoitumia, japo kidogo. Anayehitaji sura ya bibi katika tangazo lake amfuate bibi mwenyewe, amwambie kwa lugha yake inakokwenda, na akubali jibu lolote atakalopewa.

Tunarudi kwa yule kijana tuliyeanza naye. Hatumwambii aiweke kamera chini. Tunamwambia arudi kijijini likizo ijayo, aketi na bibi yake kando ya korongo lile lile, amwombe radhi, kisha amwombe aeleze upya, mwanzo hadi mwisho, jinsi mahali pa kuchimba kisima panavyochaguliwa. Safari hii asikate neno hata moja. Filamu hiyo huenda isipate tuzo yoyote. Lakini itakapofika siku ambayo bibi hayupo na kiangazi kimezidi, iko familia itakayoifungua na kujua mahali pa kuchimba.

Vijana wa Dodoma, ingieni katika mashindano, na shindeni. Lakini kabla hamjabonyeza neno "nakubali", someni, ulizeni, na mkumbuke kwamba nyuso mlizonazo katika simu zenu mmekabidhiwa. Hamkupewa mziuze.